Masanduku 5,000 ya Kigoma: uchambuzi wa meli ya vita iliyounganishwa pasipo kiwanda

Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, na mabehewa yakaanza kushusha masanduku karibu na maji. Jumla yake yalikuwa 5,000. Ndani mlikuwa na meli nzima iliyofumuliwa vipande vipande: mabamba ya chuma, mataruma, boila, mashine za mvuke, ribiti. Ilikuwa imejengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha ukoo wa Meyer mjini Papenburg, kaskazini magharibi mwa Ujerumani. Wajenzi wa meli watatu walifuatana nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Februari 1915 ilishushwa ziwani, na Juni ikaanza kazi. Ilikuwa na urefu wa mita 71 na ilibeba jina la Graf von Götzen, gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipoanza.

Sisi wa Kigoma tunaijua kwa jina la Liemba. Ni meli ya bibi zetu na magunia ya dagaa, meli ya kwenda Kasanga na Mpulungu. Wengi wanaoiandika huiona kama ajabu: meli kongwe iliyozama ikafufuka. Mimi nataka kuichambua kama kisa cha viwanda vya ulinzi, maana ndivyo ilivyoanza. Kwa muda wa miaka miwili hivi mji wetu uliunganisha chombo kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, ukakifunga silaha, ukakihudumia na kukiendesha vitani. Chombo kilibaki. Uwezo wa kukijenga haukubaki.

Nimekirudia kisa hiki kwa sababu Serikali imetia saini mkataba na kampuni ya Uturuki wa kujenga kiwanda cha meli hapa hapa Kigoma. Nimefurahi kweli. Pia nina hofu, na hofu yangu ina umri wa zaidi ya miaka 100: masanduku yatakuja tena, safari hii kwa makontena, na watakaojua kuyafungua watakuwa watatu.

Kilichokuwepo Kigoma mwaka 1914

Götzen haikukusudiwa kuwa meli ya vita tu. Ilipangwa kubeba abiria na mizigo ziwani, kuunganisha reli na nchi za jirani. Vita vilipozuka Agosti 1914, mambo yaligeuka. Wajerumani walitumia vyombo viwili vidogo ziwani, Hedwig von Wissmann na Kingani, na kwa Hedwig peke yake waliweza kuishinda stima ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, mwezi huohuo wa kwanza. Götzen ilipoingia majini, iliwawezesha kuhamisha askari 800 hadi 900 kwa safari moja kwenda pembe yoyote ya ziwa. Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 670. Anayeweza kuvusha watu 800 kwa siku mbili katika maji hayo ana nguvu ambayo bunduki peke yake haitoi.

Bunduki nayo ilifika kwa njia inayostahili kuangaliwa kwa makini. Manowari Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na Julai 1915 Waingereza waliiharibu hapo. Wapiga mbizi wakaiopoa mizinga yake 10 ya sentimita 10.5. Karakana za Dar es Salaam zikaitengeneza na kuiundia magari ya kuikokota, na mmoja ukapandishwa reli hadi Kigoma, ukafungwa juu ya Götzen. Ukiufuata mnyororo huo hukutani na kiwanda cha silaha hata kimoja. Kuna delta ya mto, wapiga mbizi, karakana ya kutengeneza vichwa vya treni, mabehewa na meli ya abiria. Vitu vyote hivyo vilikuwepo kwa kazi nyingine. Kilichovigeuza kuwa ulinzi ni kwamba viliunganishwa, na mafundi waliweza kupokezana kazi.

Tabora ina kipande chake. Njia za bahari zilipofungwa, utawala uliohamia huko uliishiwa fedha za kulipia. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye tembo upande mmoja na herufi ndogo T. Sarafu za heller zikapigwa kwa shaba. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora na kazi hiyo ikakoma. Leo sarafu zile ziko katika makabati ya wakusanyaji wa Ulaya. Ninazikumbuka kila ninaposikia mtu akisema mikoa ya magharibi haina uwezo wa kiufundi. Karakana ya reli iliyokuwa ikichonga boliti na kunyoosha mabamba ilitoa fedha halali za koloni zima kwa miezi kadhaa.

Upande wa pili wa ziwa: wazo la mwindaji

Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alikwenda London kwa wakuu wa jeshi la majini la Uingereza na pendekezo ambalo mtu mwenye haraka angelifukuza mlangoni. Alisema boti ndogo ziendazo kasi zinaweza kuletwa mpaka Tanganyika kupitia Afrika Kusini na Kongo, kwa treni, kwa kukokotwa milimani na kwa mto. Juni mwaka huohuo boti mbili, Mimi na Toutou, zilikuwa melini zikielekea Cape Town. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40, kazi ya kiwanda cha Thornycroft. Zilivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikafika upande wa Kalemie Oktoba. Tarehe 26 Desemba zikaiteka Kingani, ambayo ilitengenezwa na kutumiwa na walioiteka kwa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Kamanda wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, hakuthubutu kuikabili Götzen yenyewe. Hilo ni la wanahistoria wa vita. Linalonigusa mimi ni ule muda kati ya Aprili na Juni. Mtu wa pembeni, asiye ofisa wala mhandisi, analeta wazo lililotokana na kuijua nchi kwa miguu yake, na katika miezi miwili hivi kuna boti, kuna wanamaji, kuna meli ya kuzipeleka. Mlango ulikuwepo, na ndani ya mlango alikuwepo mwenye mamlaka ya kusema ndiyo.

Nchi zinazojenga ubunifu wa ulinzi leo zinahangaika na mlango huohuo. Marekani mwaka 2015 ilifungua ofisi ya wizara yake ya ulinzi kule Silicon Valley, ili kampuni ndogo za programu na vifaa ziweze kuzungumza na jeshi bila kupotea katika makaratasi. Ukraine Aprili 2023 ilianzisha Brave1, inayokutanisha wabunifu, fedha na makamanda walioko mstari wa mbele. NATO iliunda DIANA, ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ni kuunganisha vituo vya majaribio vya nchi nyingi, ili mwenye kifaa kipya ajue pa kukijaribia. Fedha na teknolojia zao hatuzifikii. Swali la mlango, hata hivyo, ni letu pia, tena kwetu ni rahisi zaidi kulijibu kwa sababu mambo tunayoyahitaji ni madogo.

Chukua kijana wa Ujiji aliyetengeneza kifaa cha kufuatilia mashine ya boti iliyoibwa. Anakipeleka wapi? Akikipeleka kituo cha polisi ataambiwa hawana fungu. Halmashauri watamwomba andiko la mradi. Mkopeshaji atamwuliza mnunuzi ni nani. Akitaka kujaribu ndege ndogo isiyo na rubani juu ya ziwa, anahitaji kibali cha mamlaka ya anga na cha Wizara ya Ulinzi, na vibali hivyo havitolewi Kigoma. Mwisho kijana anafungua kibanda cha kutengeneza simu. Si kazi mbaya, na inamlisha. Lakini wazo lake limekufa bila mtu mmoja mwenye mamlaka kulishika mkononi.

Grisi

Kufikia katikati ya 1916 Götzen ilikuwa imenyang'anywa meno. Mzinga mkubwa uliondolewa na kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake ikawekwa bunduki ya mti ya kutishia. Ndege za majini zilizokuwa na Wabelgiji ziliishambulia Kigoma. Majeshi yao yalikuwa yanakuja kwa nchi kavu, na reli haikuwa salama tena.

Ikatolewa amri meli izamishwe. Walioifanya kazi hiyo ni wale wale waliokuja nayo kutoka Papenburg. Kabla ya kuizamisha walizipaka mashine grisi nene. Wakapakia mchanga, na tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakaiacha ishuke taratibu. Wabelgiji waliiopoa baadaye, ikazama tena. Waingereza wakaiopoa Machi 1924, wakakuta mashine na boila bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini ikiitwa Liemba. Mashine zilizokaa majini miaka ile yote ziliendelea kusukuma meli kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa ili ifungwe za dizeli.

Kila ninapofika kwenye grisi hiyo husimama kidogo. Amri ilisema meli izamishwe, na askari wa kawaida angeweka baruti. Fundi aliyekaza boliti moja moja alijua chuma kinaharibiwa na nini, akajua pia kwamba meli hii itahitajika tena, na nani, hakujali sana. Ujuzi wa namna hiyo haumo katika michoro wala katika mkataba. Unapatikana kwa kujenga, kukosea, kufungua na kufunga tena.

Na ujuzi huo ulikuwa katika vichwa vitatu. Simulizi nilizozisoma zinataja majina ya Rüter, Tellmann na Wendt, lakini waliopiga ribiti, waliobeba mabamba kutoka behewani na waliopulizia moto wa kulainisha chuma wanatajwa kwa mkupuo, kama "wenyeji" na "Wahindi". Sidhani ni suala la heshima tu, ingawa heshima nayo ni deni. Kwa mtu anayechambua viwanda, kukosekana kwa majina kunaonyesha namna kazi ilivyopangwa. Hakuna aliyepewa daraja la ufundi, cheti wala sehemu ya kujitegemea ya kazi, na kwa hiyo hakuna ambaye mwaka 1927 angeweza kusimama na kusema, tupeni chuma tujenge ya pili.

Mji wa meli na mji wa masanduku

Papenburg ni mji mdogo, wakazi wake hawafiki 40,000. Bahari iko mbali. Meli zinazojengwa pale hupitishwa kwenye mto Ems mwembamba, zikigusa karibu kingo zote mbili. Kwa ramani tu, Kigoma yenye gati, reli na ziwa lenye kina cha mita 1,470 ina nafasi nzuri kuliko Papenburg. Hata hivyo kiwanda cha Meyer kipo pale tangu 1795. Kilijenga meli za mbao, kikahamia chuma, mvuke, vivuko, meli za gesi, na sasa majumba ya kitalii yanayoelea. Mwaka 2024 kilipotikisika kifedha, serikali ya Ujerumani na ya jimbo la Niedersachsen zilinunua sehemu kubwa ya hisa ili kisife.

Ukiitazama miaka hiyo yote unaona kwamba Papenburg haikuishi kwa ubunifu mmoja mkubwa. Iliishi kwa oda zinazofuatana. Fundi alimaliza meli moja huku nyingine ikisubiri, mwanawe akaingia uanagenzi, duka la mabomba likapata mteja wa kudumu, na kila badiliko la teknolojia likakuta watu ambao tayari wanajua meli. Kigoma ilipata oda moja. Wataalamu wa sera huzungumzia mfumo ikolojia wa ubunifu wa mkoa, na maneno hayo huwatisha watu wetu bure, kwa sababu fundi yeyote wa mwalo wa Kibirizi anaujua mfumo huo. Kuna anayepasua mbao, anayeuza misumari na pamba ya kukalafati, anayekopesha, na mvuvi anayeagiza boti kisha anarudi mwezi wa pili kulalamika kwamba inavuja upande wa tezi. Malalamiko hayo ndiyo yanayoboresha boti inayofuata. Maboti ya mbao ya Kigoma yameendelea kujengwa vizazi kwa vizazi kwa sababu mnunuzi anarudi.

Mfano wa karibu zaidi uko Mwanza. Kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine imejenga vivuko vya Serikali kimoja baada ya kingine, na sasa ni jina ambalo mtu hutaja bila kufikiri anapozungumzia kivuko. MV Mwanza, meli kubwa iliyojengwa pale pale, ilijengwa na kampuni za Korea Kusini kwa ushirikiano na SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa 1981. Vijana waliochomelea mabamba ya meli ile wanafahamu leo mambo ambayo hawakuyafahamu kabla. Ningependa kuona wangapi kati yao wanahamishiwa Kigoma kiwanda chetu kikianza. Sioni sababu ya kuanza upya na watu wapya wakati chombo cha ulinzi kinachojua kazi kipo ndani ya nchi.

Usalama wa ziwa unahitaji vitu gani

Niweke wazi jambo moja. Sitaki kiwanda cha risasi Kigoma. Shirika la Mzinga lipo Morogoro tangu 1974, Nyumbu ipo Kibaha kwa ajili ya magari, na mkoa wetu, uliopokea wakimbizi wa vita vya majirani kwa miongo mingi na ambao kambi ya Nyarugusu bado ipo Kasulu, hauna haja ya silaha zaidi kuzunguka. Ninaposema viwanda vya ulinzi na usalama nina maana ya vitu ambavyo ziwa linavidai kila wiki.

Mei 2015 machafuko ya Burundi yalileta makumi ya maelfu ya watu katika kijiji cha Kagunga, mpakani kabisa, pembe iliyobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa ziwa. Liemba iliitwa, ikiwa na umri wa miaka 100 tangu ianze kazi, ikabeba watu 600 hivi kwa safari kuwaleta mjini. Gati la kuifikia halikuwepo, kwa hiyo maboti ya wavuvi yaliwachukua watu ufukweni na kuwapandisha melini katikati ya maji. Mwaka 1997 ilikuwa imefanya kazi kama hiyo kwa upande mwingine, ikiwarudisha Wakongo zaidi ya 75,000 kwao.

Operesheni ya Kagunga ilitegemea meli iliyojengwa 1913 na maboti ya mafundi wa mwaloni. Hapo ndipo mahitaji yanaonekana bila kuandikiwa ripoti. Panahitajika boti za kina kifupi zinazoweza kugusa mchanga zikiwa na wagonjwa. Panahitajika gati linaloelea ambalo watu wanne wanaweza kulifunga kwa saa chache, pamoja na mitambo ya kusafisha maji ya kubebwa na boti. Redio nazo, kwa sababu ukienda mbali na ufuko simu hukatika au hunasa mtandao wa nchi nyingine. Wavuvi wetu wanaoporwa mashine na nyavu usiku wanahitaji njia ya kupiga kelele ikasikika Kigoma kabla waporaji hawajavuka. Uvuvi ulipofungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, doria ilihitaji vyombo vingi, na vyombo vya doria vikiharibika vipuri husubiriwa kutoka mbali.

Vyote hivi vinaweza kuanza kutengenezwa au kukarabatiwa na watu waliopo. VETA ya mafunzo ya ufundi stadi ipo, SIDO ya viwanda vidogo ipo, bandari ina mafundi, mafundi wa mbao wapo Kibirizi na Katonga, na kambi za JKT za Bulombora, Mtabila na Kanembwa hupokea vijana wenye nguvu kila mwaka. Mapungufu nayaona upande wa mnunuzi. Polisi Wanamaji, Uhamiaji, forodha, Idara ya Uvuvi, Zimamoto na Uokoaji, bandari na jeshi wote wanatumia boti katika ziwa lile lile, na kila mmoja ana bajeti yake, maelezo yake ya kiufundi na makao makuu yake mbali na hapa. Oda ya boti moja moja haiwezi kulisha karakana. Oda ya boti 12 zenye umbo moja, zilizogawanywa kwa taasisi saba katika miaka mitatu, inatosha kuajiri wachomeleaji, kuleta mashine ya kukunja mabamba na kumfanya mkopeshaji akae kwenye kiti.

Nikisema haya huambiwa mambo ya ulinzi ni siri. Ni kweli, na siri iheshimiwe. Lakini sheria ya ununuzi wa umma ya 2011 ilizitaka taasisi za ulinzi na usalama kununua kwa orodha mbili, moja ya vitu vyenye zuio na nyingine ya visivyo na zuio. Mwili wa boti ya doria hauna siri yoyote. Siri huingia pale mitambo ya mawasiliano na silaha inapofungwa, na hapo wanaweza kuingia wenye kibali peke yao. Götzen ilifanya hivyo. Mwili wake ulikuwa wa abiria, na mzinga ulikuja na wanajeshi. Wala hakuna haja ya kusubiri sera mpya ili vijana waingie, maana utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu upo tayari. Kwa miaka tumeutumia kuuza karatasi za ofisi na chakula cha semina. Utumike pia kwa makoti ya kuokolea, taa za sola za maboti na matengenezo ya mashine.

Ningeanzia wapi

Kama ningepewa nafasi ya kuuliza maswali kuhusu kiwanda kipya, nisingeanza na ukubwa wa chelezo. Ningeuliza michoro ya kazi itakaa nchi gani. Ningeuliza ni kazi zipi ambazo baada ya mwaka wa pili mgeni hataruhusiwa kuzifanya peke yake bila mwenyeji anayepimwa ubavuni. Ningetaka mafundi mbao wa mwaloni wapewe njia ya kuingia bila kudaiwa cheti cha kidato cha nne. Mtu anayeona kwa jicho kwamba mkuku umepinda sentimita moja akishindwa kuingia getini, kiwanda kitakuwa kimepoteza mwalimu. Ningeomba sehemu ndogo ya maji, tuseme ghuba moja, ipewe kibali cha jumla cha majaribio chini ya usimamizi wa wanamaji, ili mwenye boti, redio au ndege ndogo ajaribu Jumanne na kujua matokeo Jumatano.

Liemba yenyewe, ambayo ukarabati wake ni mkubwa, ningeifanya darasa. Kila bamba linalotolewa lipigwe picha, lipimwe, liandikwe limetolewa na nani na limefungwa na nani. Hilo gharama yake ni daftari na mtu makini.

Juu ya yote, ningetaka majina. Safari hii orodha ya wanaojifunza iwepo kabla kontena la kwanza halijafunguliwa, ikionyesha kijiji, anachokijua tayari na kazi atakayokabidhiwa. Orodha hiyo inaweza kuanza kuandikwa Kibirizi asubuhi moja tu, kwa kukaa kwenye mbao zilizopasuliwa jana na kuwauliza wazee ni nani kati ya vijana wao ana mkono.